Panchi yetu ya kutobolea sururu: nilivyopata tabaka linalohimili moto

Kwa miaka kadhaa kilichokula faida yangu hakikuwa mkaa wala chuma. Ni panchi. Karakana yetu ipo Gerezani, Dar es Salaam, na tunatengeneza sururu kwa ekseli za malori zilizokatwa vipande. Kipande kinatoka tanuruni kikiwa rangi ya chungwa inayokaribia njano, kama nyuzi 1,100 hivi, kinawekwa kitako, halafu panchi yenye umbo la yai inakandamizwa na presi hadi itokee upande wa pili. Hilo ndilo tundu la mpini. Panchi ikishaanza kulika, tundu linatoka limepinda, mpini unacheza, na mteja aliyenunua sururu ya namna hiyo humwoni tena.

Panchi zetu za mwanzo zilikuwa za chuma cha springi. Tukikipasha, tukikichovya kwenye oili na kukirudisha motoni kidogo, tupa inateleza juu yake. Lakini ukitoboa matundu thelathini, arobaini, ncha inafura kama kichwa cha uyoga na kung'ang'ania ndani ya tundu. Kijana anaigonga itoke, anaichovya kwenye ndoo ya maji ipoe, anaendelea. Jioni ninakaa na grinda kuichonga upya. Kila jioni.

Sababu niliielewa baadaye. Chuma cha springi kikishapewa ugumu wake, hakitakiwi kurudi kwenye joto kubwa kuliko lile lililotumika kukituliza, yaani kule kukirudisha motoni kidogo, na kwetu hilo lilikuwa chini ya nyuzi 450. Ngozi ya panchi ikigusa kipande chekundu kwa sekunde chache tu inapita hapo, nayo inalegea. Zaidi ya hapo kuna magamba, yale maganda meusi yanayoota juu ya chuma cha moto. Ni makavu na yana makali kama mchanga, kwa hiyo kila panchi inaposhuka inasuguliwa na msasa wakati imelegea.

Wazo langu la kwanza lilikuwa kuivisha ngozi ngumu. Nilimpelekea panchi moja fundi anayetia kromu shafti za haidroli. Ilirudi inang'aa kama kioo, na ilibanduka siku hiyo hiyo. Kromu ya aina hiyo ina unene wa sehemu ndogo tu za milimita, na ikivuka nyuzi 400 ugumu wake unashuka. Tena ilikuwa imekaa juu ya chuma kinacholegea, sawa na ganda la yai juu ya kiini.

Kisha nikanunua vijiti vya kuchomelea ndoo za buldoza, vile vyenye kabaidi nyingi ya kromu, yaani chembe ngumu sana za kromu na kaboni. Hapo nilijua nimemaliza, kwa sababu baada ya kujazia ncha hata tupa mpya haikuacha alama. Siku ya pili kilitoka kigae kizima upande mmoja. Tabaka la aina hiyo hupasuka nyufa za kukatiza lenyewe wakati linapoa, na kwenye ndoo inayochota mchanga hilo halina madhara. Panchi inayopigwa na kupashwa na kupoa mara mia kwa siku haivumilii nyufa hizo.

Mzee wetu wa tanuru ndiye aliyenifungua macho. Asubuhi hiyo nilikuwa nimekaa na vipande vyangu vilivyovunjika.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Hivi mwanangu, hiyo tupa yako unaipitisha lini?"

"Nikishachonga, kabla ya kuanza kazi."

"Kikiwa baridi?"

"Ndiyo, kikiwa baridi."

"Sasa kazi kinaifanya kikiwa baridi?"

Akaenda zake kukoka moto.

Siku hiyo nilitengeneza kipimo. Nilichonga senta panchi, kile kichuma chenye ncha cha kutia alama, kutoka kwenye biti kuukuu ya hai-spidi, chuma cha kukatia vyuma vingine, kwa kuwa hai-spidi inabaki ngumu hata ikishika wekundu wa giza, karibu nyuzi 600. Nikachukua kipande cha bomba chenye urefu wa mita moja na uzito mmoja wa chuma wa kudondosha ndani yake, ili kila pigo liwe na nguvu ile ile. Vipande vitatu vikaingia tanuruni: springi tupu, springi yenye tabaka la buldoza, na kingine nilichojazia kijiti cha Stellite, aina ya metali ngumu, nilichouziwa na mfanyabiashara wa vifaa vya kuchomelea. Nilivitoa kimoja kimoja vikiwa wekundu wa giza, nikadondosha uzito.

Kwenye springi ncha ilizama, ikaacha shimo ambalo ukucha wa kidole kidogo uliingia. Tabaka la buldoza halikubonyea, ila ufa ulikimbia kutoka kwenye pigo hadi ukingoni. Stellite ilibaki na kidoa kidogo, duara, bila ufa. Na hiyo ndiyo niliyokuwa nimeidharau! Ikiwa baridi tupa inaikwaruza kidogo, nikadhani nimeuziwa mali mbovu.

Stellite ni mchanganyiko wa kobalti na kromu. Hataza yake ya kwanza aliipata Elwood Haynes, Mmarekani wa Kokomo, Indiana, mwaka 1907, na jina alilitoa kwenye neno la Kilatini lenye maana ya nyota kwa jinsi ilivyong'aa. Ile inayoitwa namba 6 ina kromu kama asilimia 28, na tangsteni na kaboni kidogo. Ikiwa baridi ugumu wake ni wa wastani, kama 40 kwenye kipimo cha ugumu wa vyuma kiitwacho Rockwell C, lakini moto hauupunguzi haraka. Bei yake ndiyo inayouma. Zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia huchimbwa Kongo, kule Kolwezi na Likasi ambako mitaani wanazungumza Kiswahili kama sisi, lakini kijiti kinatufikia baada ya kuzunguka dunia.

Nilibaki na swali la chuma cha chini ya tabaka, yaani kiini. Niliagiza Nairobi kipande cha H13, chuma cha zana za kazi ya moto chenye kromu asilimia 5 pamoja na molibdeni na vanadiamu. Kilikerezwa, kikapelekwa kwa mwenye tanuru la umeme lenye kipimajoto: nyuzi 1,020, kikapozwa kwa hewa, kisha kikarudishwa motoni mara mbili kwenye nyuzi 580. Chuma kilichotulizwa kwenye joto hilo hakilegei panchi inaposhika nyuzi 500.

Jaribio la kwanza la kujazia niliharibu mwenyewe. Nilikuwa na haraka, nikachomelea H13 ikiwa ya uvuguvugu tu. Tabaka lilikaa vizuri, nikalisifia. Jioni nikifunga mlango nikasikia "tik" moja, kama mtu aliyevunja njiti. Ufa ulikuwa umezunguka ncha yote, chini kidogo ya tabaka.

Mara ya pili nilipasha panchi hadi nyuzi 350 na sikuiruhusu ishuke hapo hadi namaliza. Nilitumia TIG, yaani kuchomelea kwa umeme chini ya gesi ya kukinga, moto mdogo, matabaka mawili. La kwanza huchanganyika na chuma cha chini na kupoteza sehemu ya nguvu zake; la pili ndilo Stellite yenyewe. Kisha niliifukia kwenye majivu makavu ya moto hadi kesho yake mchana, ikarudi kwenye tanuru la umeme kutuliza upya, nyuzi chache chini ya zile za mwanzo.

Tulibadilisha pia namna ya kuitumia, na sidhani tabaka peke yake lingetosha. Ndoo ya maji baridi niliiondoa kabisa, maana ndiyo iliyokuwa ikichora ile mitandao ya nyufa inayofanana na matope yaliyokauka. Sasa zipo panchi mbili zinazopokezana, na kila moja inapakwa grafiti kabla ya kushuka. Asubuhi zinakaa ubavuni mwa tanuru hadi tone la maji liruke juu yake. Kijana anapiga brashi ya waya kwenye kipande kuondoa magamba kabla ya presi kushuka, na panchi haikai ndani ya tundu hata sekunde moja ya ziada.

Panchi ya kwanza ya mtindo huu ilivuka matundu elfu moja na mia mbili kabla sijaona haja ya kuijazia tena. Alama za chaki bado zipo ukutani. Ncha ilikuwa imeota ngozi nyeusi, laini, inayong'aa, na nilimkataza kijana kuisugua kwa msasa, kwa kuwa chini ya ngozi hiyo msuguano ulikuwa umepungua.

Inapoanza kufa inaanzia pale umbo la yai linapokuwa jembamba, kwenye kona. Nyufa ndogo zinajitokeza hapo kwanza. Panchi niliyoichonga wiki iliyopita nimeizungushia kona hiyo zaidi, milimita 4 badala ya 2, na leo asubuhi imefikisha tundu la mia tatu na kumi bila ufa.