Nilivyoiokoa Kompyuta ya Duka Baada ya Umeme Kukatika, na Nilivyoiharibu Tena kwa Mkono Wangu

Kompyuta ninayoizungumzia ni ya mezani, ya zamani, yenye RAM ya GB 4 na diski ya GB 500, na ndiyo inayoniwekea ugali mezani katika steshenari yangu ndogo iliyo karibu na stendi ya Msamvu, Morogoro. Niliiwekea Linux Mint 19.3, mfumo endeshi unaotumika badala ya Windows, toleo lenye eneokazi la Xfce, kwa sababu ni jepesi na kwa sababu nilichoka kusafisha virusi vilivyoletwa na flashi za wateja. Jioni moja ya mwaka 2021 niliiamuru ijisasishe huku nikiendelea kujaza orodha ya michango ya harusi niliyokabidhiwa na kamati, na sasisho lilipofika kwenye kuweka kerneli mpya, yaani kiini cha mfumo, umeme ukakatika. UPS, kile kifaa cha kushikilia umeme ukikatika, ninayo, lakini betri yake ilikufa siku nyingi, na kazi pekee iliyobaki nayo ilikuwa kubeba rimu za karatasi.

Umeme uliporudi sikuona ukurasa wa kuingilia. Niliona skrini nyeusi yenye neno initramfs ndani ya mabano. Maana yake ni kwamba kerneli imeamka lakini imeshindwa kuifungua sehemu ya diski yenye mfumo wote, kwa hiyo inakuachia vifaa vichache ujitibu mwenyewe. Ukiandika exit, mashine hukutajia jina la sehemu yenye hitilafu, na yangu ilikuwa /dev/sda1. Niliandika fsck /dev/sda1, amri ya kukagua na kurekebisha diski, nayo ikaanza kuniuliza maswali, kila moja likitaka nikubali kwa herufi y. Nilibonyeza kwa kidole cha shahada, kilipochoka nikahamia cha kati, na maswali yalikuwa bado yanakuja kama mvua ya masika. Hatimaye nilichukua stepla kubwa, nikailaza juu ya herufi hiyo, nikatoka kwenda kunywa chai kwa mama jirani nikijiona mtu mwenye akili nyingi. Niliporudi, ukaguzi ulikuwa umekwisha zamani, na stepla yangu ilikuwa imejaza skrini nzima herufi y bila mtu kuiuliza kitu. Baadaye ndipo nilipojua kwamba ningeandika fsck -y tangu mwanzo, amri hiyo ingejijibu yenyewe.

Wapo wanaosema ext4, utaratibu ambao Linux hutumia kupanga faili kwenye diski, haiharibiki kwa umeme kukatika kwa sababu ina daftari lake la ndani. Ni kweli inalo, na mara nyingi daftari hilo hurekebisha mambo kimyakimya wakati mashine inawaka. Hata hivyo, kwa mpangilio wa kawaida linalinda muundo wa folda na majina, halilindi maudhui ya kila faili, na diski ya kuzunguka inaweza kudai kuwa imekwisha kuandika kitu ambacho bado kimo katika hifadhi yake ya muda. Aliyetazama maswali yangu mia kadhaa hawezi kubishana nami juu ya hilo.

Kijana fundi wa mtaa wa pili alipita asubuhi, akatazama mara moja tu, akasema, "Shikamoo kaka. Hiyo diski imekwenda. Nipe laki moja na kitu nikuwekee mpya na Windows, uachane na mateso haya." Nilimwitikia na kumshukuru, kisha nikawasha mashine kwa flashi yenye Linux Mint, nikafungua programu ya Diski na kusoma taarifa za SMART, yaani zile ambazo diski hujiwekea kuhusu afya yake: sekta mbovu zilizohamishwa zilikuwa sifuri. Hiyo peke yake haithibitishi kwamba diski ni nzima, lakini haikuwa dalili ya diski iliyokufa. Nikiwa humohumo nilinakili nyaraka zote zilizoonekana kwenye diski ya nje, kazi ambayo kwa haki ilitakiwa itangulie fsck, wala sioni aibu kukiri kwamba niliifanya kinyume.

Baada ya hapo mashine iliwaka hadi kwenye maandishi matupu, bila eneokazi. Niliingia kwa jina la mtumiaji, duka, na nenosiri langu lilikubalika. Hapa ndipo ilipoanza sehemu ninayosimulia kwa uchungu. Rafiki mmoja aliniambia kwa simu niandike sudo startx, yaani niwashe eneokazi kwa mamlaka ya msimamizi mkuu wa mfumo, anayeitwa root. Niliandika, na eneokazi likatokea, picha ya milima ya Uluguru niliyoiweka ikiwa palepale. Nilipiga kelele ya furaha, nikachapa barua mbili za wateja, nikafunga duka nikitembea kama mtu aliyeshinda uchaguzi.

Kesho yake nilifanya lililotakiwa kufanywa mapema: sudo dpkg --configure -a, ili vifurushi vilivyoachwa nusu vimaliziwe, kisha sudo apt -f install. Yalikwisha kwa dakika chache. Niliwasha upya, ukurasa wa kuingilia ukaja ukiwa mzuri, nikaandika nenosiri, skrini ikawa nyeusi kwa sekunde moja, nikarudishwa kwenye ukurasa uleule. Nikaandika tena, nikarudishwa tena. Nenosiri nikikosea, iliniambia nimekosea. Nikipatia, ilinipokea mlangoni na kunitoa kwa mlango huohuo.

Nilipoteza usiku mbili. Niliondoa Xfce na kuiweka upya, nikabadilisha dereva za kadi ya picha, nikarudi kwenye kerneli ya zamani kwa kushikilia Shift wakati wa kuwasha, na bando la intaneti likaisha mara mbili, la elfu tano au zaidi kila moja. Kilichonitoa gizani ni jambo dogo: kwa Ctrl, Alt na F2 nilifungua konsoli, yaani skrini ya maandishi matupu, nikatengeneza mtumiaji mpya kwa adduser, nikamwita jaribio. Jaribio akaingia bila shida yoyote! Kumbe mfumo ulikuwa mzima siku zote, na ugonjwa ulikuwa ndani ya folda ya duka peke yake. Niliandika ls -la /home/duka, na macho yangu yakatua kwenye faili ya .Xauthority, ambayo ndiyo ufunguo wa mtumiaji wa kufungulia eneokazi, na mmiliki wake alikuwa root.

Ile sudo startx niliyoshangilia ndiyo iliyofanya hivyo. Katika toleo lile, sudo ilibaki na folda ya nyumbani ya aliyeiita, kwa hiyo eneokazi la root liliandika faili zake ndani ya folda yangu, kisha mimi mwenye nyumba nikakosa ruhusa ya kufungua ufunguo wangu mwenyewe. Umeme haukuhusika hata kidogo. Mstari mmoja wa kurudisha umiliki, sudo chown -R duka:duka /home/duka, ulimaliza kilichonikosesha usingizi, na yule rafiki wa simu hadi leo sijamwambia, kwa sababu atasema mimi ndiye niliyebonyeza.

Kulikuwa kumebaki orodha ya harusi, ambayo haikuonekana popote, wala katika nakala niliyochukua. Mweka hazina, mama mtu mzima, alikuwa amekwisha kupita mara mbili. "Mwanangu, orodha yetu ipo?" Nami nikajibu, "Shikamoo mama, ipo, inachapwa," jibu ambalo halikuwa kweli. Fsck ikikuta faili iliyopoteza jina na folda yake, huiweka ndani ya lost+found na kuipa namba badala ya jina. Nilikuta faili arobaini na kitu humo, zote zikianza na alama ya reli na namba ndefu. Kuzifungua moja moja ni kazi ya mwehu, kwa hiyo niliandika sudo sh -c 'file /lost+found/*', amri inayotazama maudhui na kukueleza kila faili ni ya aina gani. Nyingi zilikuwa picha za kivinjari, lakini moja ilitambuliwa kuwa jedwali la OpenDocument. Nilinakili, nikaipa jina linaloishia na .ods, LibreOffice ikaifungua: majina yote, ahadi zote, na jumla chini.

Ilikuwa ya dakika kadhaa kabla ya umeme kukatika. Kiingizo changu cha mwisho jioni ile kilikuwa kuhamisha jina langu mwenyewe kutoka safu ya ahadi kwenda safu ya taslimu, elfu hamsini nilizokuwa nimemkabidhi mjumbe mmoja wa kamati, ambaye sasa alisema hakumbuki vizuri. Mama alivaa miwani, akaipitia karatasi hadi kwenye jina langu, akaigonga kwa kidole. "Kompyuta yako mwenyewe ndiyo inayosema bado unadaiwa, mwanangu." Nililipa tena.