Picha ya Bibi Ukutani

Leo asubuhi, nilipokuwa nikipangusa vumbi kwenye picha ya marehemu bibi mzaa mama, niliiona tena alama ya vidole juu ya kioo, pale lilipo shavu lake la kushoto. Ni vidole vya mama. Kila apitapo huligusa shavu hilo bila kusema neno, kisha huendelea na shughuli zake. Shangazi, ambaye ameokoka, alimwona juzi akifanya hivyo. Hakumkemea. Alingoja tulipobaki wawili, akaniambia, “Mwanangu, hiyo picha iteremsheni. Leo mnaigusa, kesho wajukuu wataiinamia.”

Maneno hayo yamenikaa moyoni, kwa sababu si ya kupuuzwa. Kitabu cha Kutoka, sura ya 20, kinakataza kujifanyia sanamu ya kuchonga na kuisujudia, ingawa sura ya 25 ya kitabu hicho hicho inaagiza makerubi, yaani viumbe wa mbinguni wenye mabawa, wawili wa dhahabu. Wakristo wengi tumezoea kubishana hapo, kila upande ukishika sura yake. Kinachonigusa mimi zaidi ni nyoka wa shaba. Musa alimtengeneza kwa agizo la Mungu mwenyewe ili walioumwa wamtazame na kupona. Karne nyingi baadaye mfalme Hezekia akakuta watu wakimfukizia uvumba, akamvunja. Shaba ilikuwa ile ile, ila miongoni mwa wale waliofukiza hapakuwa na hata mmoja aliyekuwapo jangwani.

Waislamu wana simulizi inayokaribiana mno na hiyo. Sura ya Nuhu, aya ya 23, inawataja Wadd, Suwaa, Yaghuth, Yauq na Nasr, na katika Sahihi ya Bukhari, mkusanyo wa hadithi, imepokewa kutoka kwa Ibn Abbas, sahaba wa Mtume, kwamba hao walikuwa watu wema wa kaumu ya Nuhu. Walipofariki, jamaa zao wakasimamisha masanamu mahali walipokuwa wakiketi na kuyaita kwa majina yao, wala hayakuabudiwa mpaka kizazi kile kilipokwisha na elimu ikasahaulika. Nimeisoma mara tatu. Hofu ya shangazi imo humo yote.

Mtaguso wa Pili wa Nikea, mkutano mkuu wa maaskofu wa mwaka 787, ulitenganisha heshima na ibada: picha takatifu ibusiwe na kuheshimiwa, lakini ibada ni ya Mungu peke yake, na heshima ipewayo picha humfikia yule aliyechorwa. Naikubali hoja hiyo kwa moyo wote, kwani mama anamgusa mamaye, hagusi karatasi. Ila sharti anayegusa awe anamjua anayemgusa. Wala kuondoa picha hakumalizi ugomvi: mwaka 1742 Papa Benedikto XIV aliwapiga marufuku Wakatoliki wa China kufanya taratibu za kuwaheshimu mababu mbele ya vibao vya majina yao, na ni mwaka 1939 ndipo Roma ilipolegeza katazo hilo.

Picha sitaiteremsha. Jioni hii nimeitoa kwenye fremu, nikaandika nyuma yake kwa penseli jina lake kamili, majina ya wazazi wake na siku tuliyomzika, kwamba hakuvumilia mtoto alale bila kusali, na kwamba yeye mwenyewe alisali kwa magoti hadi mwaka wake wa mwisho. Kisha nimekirudisha kioo, na pale shavuni sikupafuta.