Nanga Nne, Kisha Wakaomba Kuche

Mtwara, usiku wa Ijumaa, 3 Mei 2024

Wapendwa katika Kristo, Bwana Yesu asifiwe.

Nilikuwa nimeandaa tafakari ya Kupaa kwa Bwana, kwa kuwa sikukuu yenyewe ni Alhamisi ijayo, lakini nimeiweka kando. Tangu katikati ya juma hili Mamlaka ya Hali ya Hewa imekuwa ikitoa taarifa moja baada ya nyingine juu ya kimbunga kilichopewa jina la Hidaya, ambacho kinaielekea pwani yetu, na tumeambiwa kwamba kuanzia leo hadi Jumatatu mikoa ya Mtwara, Lindi, Pwani, Dar es Salaam na Tanga, pamoja na Unguja na Pemba, itarajie upepo mkali, mawimbi makubwa na mvua nyingi. Ardhi nayo imekwisha kushiba maji. Mwezi uliopita Waziri Mkuu alilieleza Bunge kwamba mvua za msimu huu zimeua watu 155 nchini, na wenzetu wa Rufiji wameona mashamba na nyumba vikimezwa na mto. Hidaya ni jina zuri, ambalo ningeweza kumpa mjukuu wangu, na huenda ndiyo sababu wengi tunalitamka kwa kicheko.

Mimi nilikuwa wa kwanza kucheka, na hilo ndilo linalonikosesha usingizi. Kijana mmoja wa kwaya aliponiuliza kama mazoezi ya leo yaahirishwe, nilimjibu, "Mwanangu, hata kile cha mwaka 2019 tuliambiwa kinakuja." Jana mke wangu aliniomba nipande juu ya banda la jiko niyashushe mabati mawili ambayo yameshikiliwa na mawe tu, bila msumari hata mmoja. Nikamwambia kwamba tuombe kwanza, mabati tutayaona kesho. Akaomba, akasema amina, kisha akaegemeza ngazi ukutani yeye mwenyewe, na nilipomwona bibi wa watu, mwenye miaka sitini na tatu, akianza kupanda na nyundo mkononi, niliona haya nikainuka.

Wengi wenu mnaukumbuka mwaka 2019. Ilikuwa Alhamisi ya juma la Pasaka, tarehe 25 Aprili. Shule zilifungwa, watu wa mabondeni wakaambiwa wahamie sehemu za mwinuko, na mji mzima ukakaa kusikiliza redio na kutazama bahari. Kimbunga Kenneth kilikuwa kimekwisha kuvipiga visiwa vya Komoro, nasi tulikuwa tukihesabu saa. Kikapita kusini yetu, kikaingia nchi kavu katika jimbo la Cabo Delgado, ng'ambo ya Mto Ruvuma, na sisi tukalala, tukaamka, tukakuta mapaa yetu mahali pake.

Jumapili iliyofuata nilisimama kanisani kutoa ushuhuda. Nilisema kwamba Mungu ameunyosha mkono wake juu ya Mtwara akakigeuza kimbunga. Kina mama wakapiga vigelegele, na siwezi kukana kwamba vigelegele vile vilinipendeza. Baada ya ibada mama mmoja Mmakonde, mtu mpole ambaye sikuwahi kumsikia akibishana na yeyote, alinisubiri nje, akaniamkia, kisha akasema, "Mwalimu, nimekusikia. Mimi mdogo wangu ameolewa Macomia, huko Cabo Delgado. Kwa hiyo Mungu alikigeuza akakipeleka kwake?"

Sikuwa na jibu, na miaka mitano baadaye bado sina jibu la kumtosha. Siku ileile tuliyokuwa tukishangilia, mvua kubwa ilikuwa ikiugharikisha mji wa Pemba wa Msumbiji. Kisiwa cha Ibo kilikuwa kimebomolewa, watu zaidi ya arobaini wamekufa katika nchi ambayo hata miezi miwili haikuwa imepita tangu kimbunga Idai kilipoupiga mji wa Beira, na wengi wa Cabo Delgado walikuwa tayari wamekimbia makwao kwa sababu ya vita. Hao ni ndugu zetu wa damu: tunazika pamoja, tunaoana, tunacheza unyago mmoja. Shukrani yangu ilikuwa na mpaka, na mpaka wake ulikuwa Ruvuma.

Ushuhuda ule ulileta dhara jingine ambalo nimeliona juma hili tu. Uliwafundisha watoto wetu kwamba vimbunga haviji Mtwara. Kijana niliyemdhihaki alikuwa darasa la sita mwaka ule, na anachokikumbuka ni likizo ya ghafla na mzee akishangiliwa madhabahuni.

Marehemu mama yangu hakuwa na kumbukumbu ya namna hiyo. Alikuwa msichana mdogo mjini Lindi kimbunga kilipoupiga mji ule mwezi Aprili mwaka 1952. Alichokuwa akikisimulia zaidi ya upepo ni sauti ya minazi ikikatika gizani, mmoja baada ya mwingine, na jinsi babu alivyofunga mlango kwa kamba ya dau akauegemea hadi alfajiri. Na kulipopambazuka walikwenda kwa jirani wakakuta mafiga matatu yamekaa mahali pake, lakini nyumba haipo. Tangu hapo, kila masika, mama alizibua mtaro kabla hatujaambiwa na mtu, akateremsha kamba za katani kutoka darini akazikagua, akaweka unga na makopa ndani ya pipa lenye mfuniko. Sisi watoto tulimcheka. Wataalamu wanaeleza kwamba vimbunga ni vichache kwetu kwa sababu tuko karibu na ikweta, ambako upepo haupati mzunguko wa kutosha, na kwa sababu Madagaska imetukinga. Lakini uchache si ukosefu. Tarehe 15 Aprili 1872 Unguja ilipigwa, vyombo vikavunjika bandarini na mashamba ya mikarafuu yakalala chini. Watu wa Mauritius, ambao hutembelewa na vimbunga mara kwa mara, wana daraja nne za tahadhari, na huko mtoto wa shule anajua la kufanya katika kila daraja. Sisi tuna miaka mingi ya utulivu kati ya kimbunga na kimbunga, na katika utulivu huo wanaokumbuka wanakufa.

Jioni hii nimeirudia sura ya ishirini na saba ya Matendo ya Mitume, ambayo mnaijua. Paulo, mfungwa aliyekuwa akipelekwa Rumi kwa merikebu, aliwaonya pale Bandari Nzuri wasiendelee na safari, akida wa askari akamsadiki nahodha kuliko yeye, upepo wa kusini ukavuma taratibu wakadhani mambo yamekwenda sawa, kisha ukashuka ule wa tufani uitwao Eurakilo. Nimeihubiri sura hii mara nyingi, na kila mara nilikimbilia malaika aliyemtokea Paulo usiku. Sikuwahi kuitazama kazi iliyofanyika chomboni. Luka, ambaye alikuwamo, ameiandika kama mtu aliyechubuka mikono: wanaivuta mashua ndani kwa shida, wanaikaza merikebu kwa kamba kwa chini, wanatupa shehena, wanatupa vyombo vya merikebu, wanapima kina, pima ishirini, kisha pima kumi na tano. Hatimaye anasema kwamba, wakiogopa kupwelewa penye miamba, "wakatupa nanga nne za tezi, wakaomba kuche."

Soma tena polepole, mpendwa. Nanga zilitupwa na maombi yakafanyika, na vyote viwili vimo katika mstari mmoja, vinafanywa na watu walewale. Ahadi ilikuwa imekwisha kutolewa kwamba hakuna hata mmoja atakayepotea, na bado hakuna aliyesema kwamba kwa kuwa Mungu ameahidi, nanga za nini. Mtu aliyeipokea ahadi ndiye aliyewahimiza watu wale chakula ili wapate nguvu, ndiye aliyeona hila ya mabaharia, ndiye aliyekuwa macho kuliko wote. Imani ya Paulo ilimtia kazini. Yangu juma hili ilinilaza kitandani, nami nikaiita tumaini, na mke wangu aliyeshika nyundo nusura nimwone ana imani haba. Basi ikiwa kuna mtu nyumbani mwako anayekusumbua juu ya mabati, juu ya tawi la mwembe lililoinamia paa, juu ya vyeti vya watoto ambavyo havijatiwa ndani ya mfuko wa nailoni, usimjibu kwa andiko. Mshukuru, kisha inuka ukashike kamba upande wa pili, kwa maana huenda sauti yake ndiyo onyo la Bandari Nzuri lililotumwa kwenu.

Lipo jambo ambalo lazima niliseme kwa ukali kidogo, na mnisamehe. Nimesikia kwamba baadhi yenu mmepanga mkesha wa kesho ufanyike ufukweni Shangani, ili mkikemee kimbunga uso kwa uso kama Bwana alivyoikemea bahari. Ndugu zangu, Bwana hakukifuata kimbunga ufukweni. Alikuwa chomboni pamoja na wanafunzi wake, amechoka, amelala juu ya mto, na tufani ikawakuta hapo. Kumpeleka mama mwenye mtoto mgongoni kwenye mawimbi usiku, ili Mungu athibitishe kwamba yuko upande wetu, ni kusimama juu ya kinara cha hekalu, na anayetualika kujirusha kutoka pale tunamjua. Ombeni majumbani, au ndani ya kanisa lililoko mwinukoni. Mungu anasikia kutoka huko pia.

Na kwenu wenye magari. Leo mchana nimeona magari matatu ya washarika yakipandisha kwenda Masasi, na katika moja nimehesabu viti vitatu vitupu, televisheni imefungwa mkanda. Sikatazi mtu kuondoka, kwani kuondoka mapema ni busara. Lakini katika sura ileile mabaharia waliishusha mashua wakijifanya wanakwenda kupeleka nanga za omo, kumbe wanataka kujiokoa wao, na Paulo akamwambia akida kwamba hawa wasipokaa merikebuni, ninyi hamtaokoka. Yupo bibi yetu, mjane, anayekaa peke yake karibu na mikoko na ambaye miguu yake haimwezeshi kufika hata barabarani. Mwaka 2019 tulimwombea kwa jina lake, nami ndiye niliyeongoza maombi hayo, na hakuna aliyekwenda kumchukua. Alikaa usiku kucha juu ya meza. Alitusimulia mwenyewe akicheka, na sisi tukacheka naye.

Katika hili majirani zetu Waislamu wametutangulia. Leo baada ya swala ya Ijumaa vijana waligawana kazi palepale nje ya msikiti, wengine wakaenda kuwasaidia wavuvi kuvuta ngalawa na mitumbwi hadi juu kabisa, wengine wakashika majembe kuzibua mitaro, na walipofika mtaro wa kanisa letu, wakauzibua nao bila kuuliza.

Kesho alfajiri, kwa hiyo, mazoezi ya kwaya yatakuwa hivi: sauti ya tatu na ya nne waje na kamba, nyundo na misumari ya bati, tuanze na paa la kanisa kisha nyumba za wajane, sauti ya kwanza na ya pili wakusanye maji ya kunywa katika madumu, unga, mkaa na mishumaa, na wahakikishe simu na tochi zimechajiwa mapema, kwa maana umeme hautusubiri. Yule kijana nimempigia simu jioni nikamwomba radhi. Nimempigia pia yule mama Mmakonde, kumuuliza kama ana habari za Macomia, akaniambia mdogo wake anatuombea sisi.

Bibi tumemleta kwetu. Analala chumba cha watoto na kuku wake wawili wamefungwa chini ya kitanda, kwa kuwa alikataa kuja bila wao. Ibada ya Jumapili, Bwana akipenda, ni saa tatu kama kawaida. Paa likiwapo tutakuwa ndani. Lisipokuwapo, tukutane chini ya mwembe, ikiwa nao utakuwa umesimama, na kila mmoja aje akijua habari za nyumba mbili za jirani zake.