Dawa ikipigwa, nyigu hufa kabla ya kiwavi

Anayelima kabichi au sukuma wiki anamjua kiwavi mdogo wa kijani ambaye ukimgusa hujinyonganyonga na kuning'inia kwenye uzi. Ni mtoto wa nondo mgongo-almasi, na wadudu wachache wamezoea dawa kama yeye. Usugu wake kwa dawa ya DDT ulionekana kisiwani Java, Indonesia, mwaka 1953, na baadaye akawa wa kwanza kuizoea shambani hata dawa ya bakteria, Bt.

Mwaka 2002 ICIPE, kituo cha utafiti wa wadudu cha Nairobi, kilianza kumwachilia Werugha, kwenye vilima vya Taita, nyigu mwembamba aliyetolewa Taiwan, Diadegma semiclausum. Ni mdudu wa milimani, joto la nyanda za chini halimfai. Jike hutaga yai ndani ya kiwavi. Kiwavi anaendelea kula, anajifuma wavu wake kama kawaida, kisha humo anatoka nyigu badala ya nondo.

Sasa piga dawa ya wadudu kama lambda-cyhalothrin au profenofos. Kiwavi amezoea kula majani yenye ukali wa jamii ya haradali, hivyo mwili wake una vimeng'enya vya kuvunja sumu, na vizazi vingi vya kupigwa dawa vimechuja waliobaki. Nyigu hana kinga hiyo. Isitoshe, yeye hutafuta windo kwa miguu: anazunguka juu ya jani akilipapasa, halafu anajisafisha kwa mdomo, na masalia yanaingia. Akiponea, mara nyingi hutaga mayai machache na kupotea njia ya kumfikia kiwavi. Na hata shamba likishapoa, nondo ndio hurudi kwanza; nyigu hawezi kuzaliana mpaka viwavi wawepo. Katika pengo hilo ndipo unaposikia mtu akisema dawa ya duka hili ni feki. Huenda ni feki kweli, lakini mara nyingi shida ni kwamba ameua walinzi. Vidukari nao hufumuka baada ya dawa hizo kwa sababu hiyo hiyo.

Kabla ya kujaza bomba, pita shambani kwa mwendo wa zigizaga, kagua miche 20 au 30, na ugeuze majani. Usihesabu viwavi tu, angalia vifuko pia. Cha nondo ni wavu mwepesi, na pupa mwenye ncha anaonekana ndani. Cha nyigu kina kapsuli ya kahawia iliyoziba, butu pande zote mbili, kama punje nene ya mchele. Ukiwa na shaka, weka viwavi wakubwa 20 kwenye chupa yenye jani la kabichi, funika kwa kitambaa, badilisha jani kila siku, na usubiri wiki mbili hivi. Wakitoka nyigu wengi kuliko nondo, bomba libaki stoo. Kwa vidukari ni rahisi zaidi: waliovimba, wakakauka rangi ya kahawia au dhahabu, wameshashambuliwa, na tundu la duara mgongoni maana yake nyigu ameshatoka.

Ikibidi kupiga, Bt ndiyo ya kwanza, maana haimdhuru nyigu mzima. Ila kiwavi mwenye yai la nyigu akiila, wote wawili wanakufa, kwa hiyo usiipige kwa kalenda. Ipige jioni kwa kuwa jua huiharibu, ilenge chini ya majani, viwavi wakiwa bado wadogo, na uongeze kinatishi, yaani kitu cha kuifanya ishike, kwa sababu jani la kabichi lina nta. Hapa ndipo wengi hukosea: kiwavi huacha kula mapema lakini hufa baada ya siku mbili tatu. Mkulima anamwona bado yupo asubuhi, anarudia na dawa kali ya cypermethrin, na kazi yote imeharibika.

Dawa iitwayo chlorantraniliprole nayo si kali kwa nyigu, lakini ukiirudia msimu mzima nondo ataizoea. Spinosad huuzwa kama dawa ya asili, na ni kweli hutokana na bakteria, ila ikiwa bado mbichi juu ya jani inamuua nyigu barabara. Asili si kipimo cha usalama.

Nyigu mzima hula nekta. Asipoipata huishi siku chache tu. Acha mistari ya giligilani ichanue pembeni, na ukingo huo usiguswe na dawa. Dawa ya imidacloprid iliyowekwa kwenye udongo karibu na giligilani hupanda mpaka kwenye maua.

Visiki vya kabichi baada ya mavuno ni kitalu cha nondo, ving'olewe mapema. Lakini siku moja kabla, kusanya majani yenye kapsuli za nyigu na uyaweke kivulini, pembeni mwa miche mipya.