Mpe wimbo wa mtu mwingine

Mjadala wa waimbaji bora wa kiume wa muda wote huharibika mapema, kwa sababu watu hupima sauti, utunzi na umaarufu kwa mkupuo mmoja. Bob Dylan anatajwa, Bob Marley anatajwa. Nawapenda wote wawili, ila ukimuuliza shabiki wao sababu, atakusomea mashairi. Mimi natafuta mwimbaji, anayesimama kwa jina lake mwenyewe, na kipimo changu ni kimoja: apewe wimbo uliotungwa na mtu mwingine, tena ambao watu wameshauzoea, halafu tusikie anaufanya nini.

Kwa kipimo hicho, wa kwanza wangu ni Ray Charles, na simshushi. "Georgia on My Mind" ilitungwa mwaka 1930 na ilikuwa imeshapita kwenye midomo mingi kabla yeye hajairekodi mwaka 1960. Leo wengi wanaijua kwa sauti yake. Mwaka 1962 akageukia nyimbo za country, muziki uliohesabiwa kuwa wa Wazungu wa Marekani, akazitolea albamu nzima. Sikiliza humo "I Can't Stop Loving You", wimbo wa Don Gibson. Kwaya inaimba imenyooka, kila noti mahali pake. Naye anaingia nyuma yao, amechelewa kidogo, sauti inakwaruza. Kule kuchelewa ndiko kunakouma. Mwondoe yeye, kinabaki kibao kizuri cha kwaya, basi.

Wa pili ni Mohammed Rafi. Orodha nyingi hazimfikii kwa sababu zinaishia Marekani na Uingereza, na hilo linaniudhi kweli. Rafi aliimbia filamu za Kihindi: mmoja anatunga muziki, mwingine anaandika maneno, mwigizaji anachezesha midomo, na sauti ni yake. Tangu miaka ya 1940 hadi alipofariki Julai 1980, hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake, kuimba tungo za wengine kwa sura za wengine. Akimwimbia Dilip Kumar, sauti inakuwa nzito kwa huzuni. Akimwimbia Shammi Kapoor, inarukaruka. Kwenye "O Duniya Ke Rakhwale", wimbo wa filamu ya Baiju Bawra ya mwaka 1952, anaanza kwa kumlalamikia Mungu taratibu, kisha anapanda, anapanda tena, mpaka mwishoni anafika juu ambako wanaume wengi wangekuwa wanapiga kelele tu. Rafi akiwa huko bado anatamka maneno, na unayasikia.

Donny Hathaway namweka wa tatu kwa ajili ya onyesho moja. Albamu yake ya jukwaani ya mwaka 1972 ina "You've Got a Friend" ya Carole King. Anapiga noti chache tu za mwanzo na watu wanalipuka, wameshautambua. Kiitikio kinapofika wanauimba ukumbi mzima, na yeye hapambani nao. Anawaachia wimbo, anatia sauti yake pembeni, hapa na pale. Mwimbaji mwenye sauti kubwa namna ile kukubali kunyamaza ni jambo adimu. Alifariki mwaka 1979 akiwa na miaka 33.

Baada ya hao watatu sipangi tena namba. Otis Redding yumo kwa "Try a Little Tenderness", wimbo wa mwaka 1932 ambao Bing Crosby aliuimba kwa utulivu wa sebuleni. Otis mwaka 1966 anauanza taratibu vilevile, kisha ngoma zinaingia na wimbo unakolea kama moto uliopulizwa, hadi mwisho maneno yanakatikakatika mdomoni mwake. Luther Vandross yumo kwa "A House Is Not a Home", aliyoinyoosha ikapita dakika saba bila kunichosha hata sekunde moja. Sinatra yumo kwa pumzi: anaunganisha mistari miwili mirefu na husikii alipovuta hewa.

Michael Jackson watu humkumbuka kwa miguu, na wanamdhulumu. "She's Out of My Life", ya albamu ya mwaka 1979, hakuitunga yeye. Pale mwishoni sauti inavunjika kwa kilio, na ikaachwa hivyo hivyo kwenye rekodi. Nani mwingine angeruhusu hilo lisikike?

Najua kipimo hiki kinamwonea Salif Keita, mwimbaji wa Mali, maana nyimbo zake nyingi ni zake mwenyewe. Sauti ile ya albamu ya "Soro" ya mwaka 1987 inakata anga, na siku nikibadili kipimo yeye ndiye atakayepanda wa kwanza.

Freddie Mercury ndiye anayezua ugomvi, kwa sababu watu husema alikuwa wa bendi, Queen, hakusimama kwa jina lake, kwa hiyo hahusiki. Lakini mwaka 1987 alitoa kwa jina lake "The Great Pretender", wimbo ambao kundi la The Platters waliuvumisha katikati ya miaka ya 1950. Wao wanauimba kwa unyenyekevu, kwa majonzi ya kujificha. Yeye anautoa hadharani, kifua mbele, na bado majonzi yamo. Amesimama peke yake na wimbo wa kuazima. Namwingiza.