Intero ya maswali 23

Tangu Jumatano kuna sentensi moja haijanitoka kichwani. Na wiki yenyewe haikuwa ndogo: Jumamosi tumepokea mahari ya mdogo wangu (mbuzi mmoja alipungua, wajomba wakanung'unika, wakala, wakanyamaza), na mshahara wa mwezi juzi umetoka. Yote hayo yamenipita kama redio ya jirani.

Sentensi ni hii: "Mama Plamedi, hii haiko muchezo, ni intero." Intero, yaani ule mtihani mfupi wa darasani.

Aliyesema ni yule dada wa michezo, anayetufundisha sisi wazazi kucheza na watoto wetu wenye otizimu (wanaopata shida kuongea na kushirikiana na watu), niliyemsifia hapa siku zilizopita hadi Baba Plamedi akauliza kama tumepata ndugu mpya mtaani Katuba, Lubumbashi. Jumatano, kwenye ukumbi wa parokia, alinirekodi kwa simu dakika 4, mimi na Plamedi mkekani, halafu tukaitazama video pamoja. Nilikaa nikingoja sifa. Miaka 16 nafundisha kalasi ya pili, nitashindwa kucheza na mwanangu? Kwenye video nasikika: "Hii rangi gani? Hii nini? Ziko ngapi? Motokari inalia namna gani?" Dada ananyoosha vidole kimyakimya, mkono huu, mkono ule, anarudi mwanzo. Mwisho akasema 23. Akarudisha video nyuma nijionee: kufika swali la sita, mtoto alikuwa ameshanipa mgongo.

Ndipo akasema. Intero! Kumwambia mwalimu!

Jibu nimelitunga mara nyingi tu nikitwanga sombe. "Dada, wewe hujazaa." Hilo halisemeki. "Dada, nani alimtoa neno 'mayi' (maji) kinywani, si mimi?" Hilo ni tamu, ila ni uongo. 'Mayi' alilisema mwenyewe ndani ya beseni, siku nilipokuwa nimechoka hata kuongea. Kila nikifika hapo jibu langu linakatika, naanza upya.

Maana maelezo yake, niliyoyasikiliza nimenuna, yana akili. Alisema nikimwuliza Plamedi swali, inabidi aache kitu anachokitazama, aje kwenye changu, halafu atafute neno. Ni kazi tatu. Nikikaa kwenye kitu chake yeye, nikakisemea maneno mawili tu, neno linaangukia pale macho yake yalipo tayari. Hii ya kuwaonyesha wazazi video zao walishaijaribu Uingereza, kwa watoto 152 wenye otizimu ambao hawajafika miaka 5. Karibu nusu ya wazazi walifundishwa hivyo, wenzao wakaendelea na huduma za kawaida. Mwaka 2010 matokeo yakatoka: wazazi walibadilika sana, na watoto wakaanza kuwatafuta wazazi wao wenyewe zaidi, lakini dalili za otizimu hazikupungua kiasi cha kujivunia. Walipofuatiliwa tena, matokeo ya 2016, ndipo dalili za kundi lile zikaonekana nyepesi kuliko za wenzao. Nyepesi tu. Hakuna mtoto aliyegeuka mwingine. Hapo nilimpenda tena kidogo, kwa kuwa sisi wazazi wa watoto hawa tumeahidiwa miujiza mingi, na mingine tumeilipia.

Sasa jana jioni. Umeme ulikuwa umekatika. Plamedi alikuwa amekaa kwenye kizingiti na vizibo vya bia ya Simba alivyookota kwenye sherehe ya mahari, akivipanga mstari, kila kimoja meno chini. Nikakaa chini na kitenge changu kizuri. Sikusema kitu. Nikachukua vizibo vyangu, nikapanga mstari pembeni ya wake, kimoja nikakiweka meno juu bila kujua. Mkono wake ukaja, ukakigeuza, ukaondoka. Nikaweka kingine vibaya, safari hii makusudi. Akageuza. Cha tatu nikakishika kiganjani, nikahesabu moyoni kama dada alivyoagiza. Nilikuwa kwenye saba alipoushika mkono wangu akaugeuza wenyewe, kama kizibo, kiganja chini. Kizibo kikaanguka. Nikasema, "Geuka." Neno moja, nilijivunia.

Halafu akafanya kitu. Alichukua kizibo chake mwenyewe, kwenye mstari wake usioguswa na mtu, akakiweka meno juu. Akaniangalia. Si mkono, uso.

Swali lilishafika ulimini, "Hii iko namna gani?", nikaling'ata. Nikakigeuza. Akacheka kile kicheko chake cha puani, akaweka kingine vibaya. Tulikwenda hivyo mpaka Baba Plamedi akaja na tochi kuuliza kama leo hakuna bukari (ugali).

Sijui kama Jumatano nitamsimulia yule dada. Atafurahi mno. Labda nitamwambia wiki inayofuata, kama jambo la kawaida, nikiwa natafuta viatu.

Lakini pale chini kwenye kizingiti, tochi ilipopita, niliona kitu ambacho mtu aliyesimama hakioni: njia ya udongo ya mchwa imepanda kwenye fremu ya mlango wa chumba cha watoto, imeshafika kwenye bawaba. Mwenye nyumba atasema ni juu yetu, sisi tulioacha kile kisuguu nyuma ya jiko. Baba Plamedi anasema tumwage oili chafu ya motokari. Asubuhi nimeigonga fremu kwa kifundo cha kidole, inalia kama boksi tupu.