Picha moja kila siku: mwaka wangu na Mtwara

Nilianza tarehe 1 Julai, kusi ikivuma, nikiwa na simu iliyopasuka kioo. Sharti lilikuwa moja: kila siku picha moja ya mjini Mtwara, iliyopigwa siku hiyohiyo. Ya jana haihesabiki.

Wiki mbili za kwanza nilipiga kama mgeni. Boma la Mikindani la 1895, milango ya nakshi, jua likizama. Siku ya 15 sikuwa na nauli ya Mikindani wala hamu. Nikapiga ndoo zilizopanga foleni bombani, hapa kwetu Chikongola, kila moja na alama ya mwenyewe: jina la kalamu ya wino, jiwe ndani, kitambaa chekundu kwenye mpini. Mpaka leo naiona ndiyo picha bora kuliko zote. Tangu hapo sikutoka tena kwenda kutafuta picha. Nilipiga kilichokuwa njiani mwangu.

Bahari ndiyo iliyonisumbua. Jumamosi moja saa nne asubuhi nilikuta maji yamekupwa mbali, mashua zimelala ubavu. Jumamosi iliyofuata nikaenda saa ileile, nakuta zinaelea. Mvuvi mmoja akanicheka. "Kijana, hukuangalia mwezi?" Maji huchelewa kama dakika 50 kila siku, kwa hiyo ndani ya wiki yanageuka kabisa. Nikajifunza bamvua, maji yanayojaa na kupwa sana, na maji mafu, yasiyopanda wala kushuka sana, kwa umri huu, mimi niliyezaliwa hatua chache kutoka pwani! Siku za bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji hukauka sana kwenye saa nne hiyo, na kina mama hutoka na ndoo kutafuta pweza na chaza miambani. Jua la saa hiyo ni kali, nyuso zinatoka nyeusi tii. Nikaacha kuhangaika na nyuso, nikapiga vivuli vyao kwenye mchanga.

Oktoba malori ya korosho yakaanza kuingia. Picha za malori ninazo nyingi mno, na zote zinafanana. Harufu ya mabibo yaliyochacha haipigiki.

Kwenye msimu huohuo nilimkuta bibi mmoja akibangua korosho nje ya nyumba yake, mikono imepakwa majivu ili mafuta ya ganda yasimuunguze.

"Shikamoo bibi. Naomba nikupige picha."

"Marahaba. Unakwenda kuiuza wapi?"

"Siuzi bibi, ni ya kumbukumbu yangu tu."

"Kumbukumbu yako, sura yangu!"

Tukakubaliana mikono peke yake. Mimi nafanya kazi kwenye duka la steshenari, basi nikaichapa, nikampelekea wiki iliyofuata. Aliitazama kimya, halafu akasema, "Hii mikono ya mama yangu." Akaita majirani. Mtaa ule sikuombea tena ruhusa, ila kila mtu akataka yake ya kuchapwa, mpaka bosi akauliza wino unakwenda wapi. Nikaanza kulipia mwenyewe. Mradi wa bure huu umenila hela, nisiseme uongo.

Nilikosa siku 9. Malaria ilichukua 4, simu ililala kwa fundi 3, moja nilisahau tu. Nyingine mlinzi wa geti fulani alinifutisha picha kwa sababu kibao cha katazo sikukiona, nami nikarudi nyumbani nimenuna, sikupiga kitu tena. Mwanzoni nilitaka kuzijaza kwa picha za akiba. Nikaziacha wazi.

Mvua za Desemba hadi Aprili nilizipiga nikiwa barazani, simu ndani ya mfuko wa nailoni niliotoboa tundu la kamera. Dawa yangu ilikuwa ni hiyo tu.

Tarehe 30 Juni nilirudi bombani. Ndoo ya kitambaa chekundu haikuwepo kwenye foleni. Niliikuta kwa jirani, imepasuka, imejazwa udongo, ndani mchaichai. Kitambaa bado kipo mpinini. Nikaipiga.